Mtu Ule, Mtu Yule

Ujumbe wa sauti wa Zuhura ulinikuta nasahihisha insha za kidato cha tatu, kalamu nyekundu mkononi, chai imeshapoa. "Kemunto, Bwana Shee katutoka. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Wamemzika leo baada ya adhuhuri. Nimeona nikwambie mwenyewe, usije ukaisoma habari kwenye kundi la simu." Basi. Hakuongeza neno, naye Zuhura ni mtu wa maneno tangu nimjue. Niliusikiliza mara tatu, kisha nikazifunika zile insha kwa kitambaa cha meza kama vile ni chakula kinachoandamwa na nzi. Mume wangu akauliza ni nani aliyefariki. Nikamjibu, "Mtu wa Lamu," na hapo hapo nikataka kucheka na kulia kwa pamoja, maana katika maneno yote niliyokuwa nayo nilikuwa nimelichagua hilo. Inanibidi nieleze. Nimefundisha Kiswahili zaidi ya miaka ishirini na wanafunzi wangu wamesikia visa vyangu vingi vya ujana, lakini hiki sijawahi kukisimulia darasani. Naona haya. Nitakisema hapa mara moja, tena chote.

Sitaanza na ukoo wala na safari ya kutoka bara. Kazi za serikali huwahamisha watu, nasi tulihamishwa, yakaisha. Nianze na maringo yangu, kwa sababu hayo ndiyo yaliyofanya kazi mwaka ule. Nilikuwa na miaka kumi na sita, kidato cha pili, katika skuli ya wasichana pembeni mwa Langoni, mtaa wa Lamu, na nilikuwa wa kwanza katika Kiswahili. Hebu fikiria: mtoto wa bara, nyumbani tunasema Kikisii, anawapita wasichana wa Lamu katika lugha waliyozaliwa nayo! Kichwa kilivimba mpaka sijui sare ya skuli ilikuwa ikipitaje shingoni. Ngeli nilikuwa nazo kwenye ncha za vidole. Mtu akikosea upatanisho mbele yangu nilikuwa nawashwa mwili mzima, siwezi kunyamaza. Niliwahi kumsahihisha mama aliyekuwa akiniuzia viazi karai. Akanitazama juu mpaka chini, akaniuliza, "Wewe wataka viazi au wataka kunipa mtihani?" Nikaenda zangu nikicheka njia nzima, nikidhani nimeshinda mimi.

Aliyenivumilia ni Zuhura. Kwao ni Siyu, kisiwa cha Pate, lakini alikuwa akikaa kwa shangazi yake, Bi Rukia, pale Langoni, ili asome. Kila Alhamisi baada ya skuli nilikuwa nakwenda kwao, na nikifumba macho leo naiona ile nyumba kuliko ninavyoiona nyumba yangu. Ngazi za mawe zilizolika katikati. Chumba cha juu, kirefu na chembamba, chenye vidaka ukutani ambamo Zuhura alipanga vitabu, kitana, kopo la sukari na mafuta ya nazi. Dirisha letu lilitazama chini uwanjani, pale ndani ya nyumba, Bi Rukia alipokuwa akipikia, na kila lililosemwa chini lilipanda juu pamoja na harufu ya mkaa na ukwaju. Bi Rukia hakuniuliza dini wala kabila. Aliniuliza tu kama nimeshiba, na nikisema ndiyo alikuwa anaongeza. Tulikula mkate wa mofa na samaki, sinia moja kati yetu. Siku ya kwanza aliponiambia, "Tovea mtuzi, mwanangu," nilibaki na mkate mkononi, sijui nichovye wapi. Zuhura alicheka mpaka akapaliwa. "Ni rahisi," akaniambia. "Penye ch yenu, sisi tuna t. Mchuzi ni mtuzi. Macho ni mato. Nchi ni nti. Umekwisha kuwa Mwamu, mtu wa Lamu kamili, bado kuozwa tu." Nikaanza kuandika orodha nyuma ya daftari langu. Ninaomba msomaji aikumbuke hiyo orodha, kwa sababu sina pa kujificha: kanuni nilikuwa ninaijua. Nilikuwa ninaila kila Alhamisi.

Chama cha mazingira kilikuwa cha Zuhura, si changu, wala si cha mwalimu yeyote. Alianza na wasichana sita, kuokota plastiki ufuoni Jumamosi asubuhi maji yakishatoka. Wenzetu walituita wazoa taka, na wavulana wa mtaani walituonyesha kwa vidole chupa tulizoziacha. Baada ya muhula mmoja Zuhura akachoka. "Tutaokota mpaka lini?" akasema. "Kwetu, mahali walipokata mikoko hata wale samaki wadogo wamehama. Hapa Manda kuna pahali pamebaki kipara. Natupande miti." Mlezi wetu akawa Mwalimu Mutua wa jiografia, mtu wa Ukambani, mpole, asiyejua kuogelea, aliyekuwa akivaa jaketi la kuokolea kuanzia gatini, hajaona hata boti, na halivui mpaka arudi darasani. Mwalimu mkuu alikubali kwa masharti mawili. La kwanza, tupate barua ya ruhusa kutoka afisi ya misitu. La pili alilisema akiwa amesimama, ili tulisikie vizuri: "Atakayeiingiza skuli hii katika mambo ya viwanja, atafunga virago siku hiyo hiyo." Mwaka ule viwanja vilikuwa moto, hasa upande wa Ras Kitau, kule kule kisiwani Manda. Watu walikuwa wakiamka na kukuta vigingi mahali ambapo jana palikuwa na mchanga mtupu, na kila mtu alikuwa akiulizana nani kauza, nani kanunua, nani kajificha nyuma ya nani. Zuhura akawa mwenyekiti. Mimi, kwa Kiswahili changu safi, nikawa karani.

Sasa Bwana Shee. Alikuwa mkata boriti, umri wa baba yangu, mfupi, mwenye mabega mapana na mdomo usiopumzika. Alikuwa na leseni ya afisi ya misitu ya kukata miti kwa msimu, na vijana wanne waliofanya kazi chini yake. Alijitolea kutuvusha kwa boti yake kwenda kukitazama kile kipara, huku akitutania njia nzima kwamba skuli imetuchosha, twataka kuja kumnyang'anya kazi. Siku hiyo Zuhura hakuwapo. Alikuwa Siyu kwenye harusi ya dada yake. Mwalimu Mutua na wale wengine walibaki ng'ambo ya kijito kuokota mbegu za mkoko, zile ndefu kama mabamia, wakijaza magunia. Mimi nilifuatana na Bwana Shee mpaka kwenye kipara, daftari mkononi, viatu shingoni, nikazama tope mpaka kwenye vifundo vya miguu. Akanionyesha kwa mkono. "Andika, karani," akasema. "Hapa si pa mkoko. Mkoko wataka tope na mai mengi, hapa utakufa. Hapa ni pa mtu. Mtu ule ulikuwapo hapa tangu kale, na mtu ule utarudi. Wana wake ndio hawo kando, wewe huwaoni?"

Nilitazama kando. Mbele yangu palikuwa na vichaka vichache vya majani ya kijivu, sikuvitia maanani. Mbali zaidi, ufuoni, niliona paa la makuti la hoteli na watu wawili wakitembea pole pole, mmoja kavaa kofia pana. Wana wake, nikasema moyoni, ndio wale. "Kwani mtu huyo watu wanamjua?" nikauliza. Bwana Shee akacheka. "Nani asiyeujua mtu, Amu nzima!" Asiyeujua! Nikahisi ule muwasho wangu. Masikini wa Mungu, nikawaza, mtu mzima na hajui ngeli ya kwanza kabisa, ile wanayofundishwa watoto wa darasa la pili. Alikuwa akisema taratibu ili nimfikie, akiinama kuitazama kalamu inavyokwenda, ingawa hakujua kusoma, na mimi nikawa natengeneza kila alipopotoka. Penye "ule" nikaweka "yule." Penye "ulikuwapo" nikaweka "alikuwapo." Penye "utarudi," "atarudi." Nilipomaliza nilijiona nimemfanyia wema, nimemvisha nguo safi kabla hajaenda mbele za watu.

Jioni ile ile niliandika barua ya maombi. Mwalimu Mutua aliposoma madondoo yangu alikunja uso. "Kama pale pana mwenyewe, ni lazima tuwaeleze afisi," akasema. "Tusije tukaingia matatani na yale mambo ya viwanja." Basi nikaongeza aya, kwa mwandiko wangu bora: kwamba kwa mujibu wa Bwana Shee, mkata boriti mwenye kuyafahamu vyema mazingira hayo, mahali pale ni pa mtu, kwamba mtu yule alikuwapo pale tangu zamani, kwamba mtu yule atarudi, na kwamba watoto wake wako karibu. Hata "wana" nililifanya "watoto," ili lieleweke. Mwalimu akatia sahihi, mwalimu mkuu akapiga muhuri bila kusoma zaidi ya mstari wa kwanza, na Jumatatu asubuhi barua ikaenda. Zuhura aliporudi kutoka harusini, mikono imejaa hina, nilimwambia barua imeshakwenda. Hakuomba kuiona nakala. Aliamini Kiswahili changu kuliko mimi mwenyewe nilivyokiamini.

Majibu hayakuja. Magunia ya mbegu yalikaa kwenye veranda nyuma ya darasa letu, tukiyamwagia maji ya bahari kwa zamu, asubuhi na jioni, na Zuhura akiyafungua kila siku kutazama zipi zimeoza. Wiki ya tatu, Alhamisi, tulikuwa chumbani juu na sinia letu, mkate bado una moto, tulipomsikia mgeni akiingia uwanjani. Alikuwa Bi Mwanaisha, mkewe Bwana Shee. Alikuja na kofia aliyokuwa akiishona, kama alivyozoea, lakini sauti yake haikuwa ya mazoea.

"Wamemzuilia leseni ya msimu huu," alimwambia Bi Rukia.

"Nani?"

"Afisi. Wamwambia, taja mtu. Mtaje mtu mwenye kiwanja, ndipo tukupe leseni. Shee kawajibu, bwana, mtu hauna kiwanja. Mtu ni mti, unamea. Yule bwana kapiga meza, kasema, wanichezea? Barua ya skuli hii hapa, ina muhuri, yasema mtu yule atarudi na watoto wake wako karibu. Mti una watoto?"

"Lo! Salale! Na wale vijana wake?"

"Wawili wamekwenda Malindi kutafuta mjengo. Shee abeba mchanga kwa punda wa watu. Msimu wenyewe ndio huu, Bi Rukia, ukipita umepita. Nyumbani twala mara moja."

Mtu unamea. Nililisikia lile neno nikaurudisha mkate siniani. Uko mti wa pwani, majani yake ya kijivu kwa chini, ambao vitabu vinauita mchu. Kwetu bara hatuna bahari, sikuwahi kuuona, jina lake tu nililipitia kitabuni. Na penye ch ya vitabuni, Waamu wana t. Mchu ni mtu. Mtu mmoja, mitu miwili. Mtu umeota, mtu ule. Bwana Shee hakuwa amekosea ngeli hata moja. Vile vichaka nilivyovipita bila kuvitazama ndivyo alivyoniambia ni wana wake, na mimi nikaenda kuwatafuta kwenye paa la hoteli. Zuhura kwa upande wake alikuwa amejishika mbavu, anacheka mpaka machozi. "Wamefanya mtu kuwa mtu! Wewe waandika mtu, wao wasoma mtu! Hao wa afisi hawajui kusoma, wallahi!" Kisha akanigeukia, kicheko hakijaisha. "Uliandika 'ule,' sivyo?" Na mimi nikasema, "Ndiyo." Nikacheka pia. Mungu anisamehe, nilicheka kwa sauti kubwa kuliko yake, na chini yetu Bi Mwanaisha alikuwa akipenga kamasi kwa upande wa leso.

Nimejiuliza mara nyingi ni kitu gani kilichonifunga mdomo wiki zile. Kufukuzwa skuli niliogopa, siwezi kukataa. Yale maneno ya virago yalikuwa yakinijia hata nikiwa nasukutua meno. Lakini nikisema kweli, hofu kubwa ilikuwa nyingine, na ni ya aibu zaidi. Niliogopa kucheka kwao. Niliogopa wasichana wa Lamu wajue kwamba bingwa wa Kiswahili alisimama kwenye matope mbele ya mwenye lugha yake, akaona ni yeye wa kumfundisha. Basi mtu aendelee kubeba mchanga, mradi jina langu libaki mbele kwenye orodha! Kijana wa miaka kumi na sita anaweza kuwa mkatili hivyo huku akijiona mtoto mwema. Nilikuwa nakutana na Bwana Shee kwenye vichochoro vya Langoni, nyuma ya punda mwenye magunia mawili ya mchanga, jasho limemchora shati. Nilikuwa nikijibanza ukutani. Yeye ndiye aliyekuwa akinisalimu. "Karani! Mbona siku hizi hunitupii hata salamu? Usione haya, mwanangu. Kila mtu namwambia, yule mtoto kaandika vile vile nilivyosema, nalimuona kwa mato yangu. Hao wa afisi ndio mato yao mabovu." Kisha anampiga punda kofi la upole, anakwenda zake. Afadhali angenipiga mimi.

Nilimwambia Zuhura siku moja tukimwagia magunia maji. Karibu nusu ya mbegu zilikuwa zimekuwa nyeusi na laini. Alikuwa amechuchumaa, anazitenga mbovu na nzima, na niliona jinsi alivyokuwa akiishika kila moja, akiibonyeza kidogo kwa kidole gumba, akisita kabla ya kuitupa. Nikasema tu, bila kupanga: "Niliandika 'yule.'" Hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa. Nilingoja acheke, kwa wiki tatu nilikuwa nimeogopa kicheko hicho, lakini hakucheka. "Nilikuuliza," akasema. "Nilikuuliza, ukasema ndiyo. Ukacheka na mimi." Akaendelea kutenga mbegu. Ningeomba anitukane. Alipomaliza gunia zima alisimama, akapangusa mikono kwenye sketi, akanipa hukumu yangu. "Utaandika barua nyingine, uipeleke mwenyewe. Halafu utakwenda kwa Bwana Shee, umwambie kwa mdomo wako. Si kwa karatasi. Karatasi zako zimetosha." Siku tatu hakusema nami, na siku tatu hizo Bi Rukia aliendelea kuniletea sahani ya kwangu kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mwalimu Mutua alipokwisha kunisikiliza alikaa kwenye dawati la mwanafunzi, magoti yamemfika kifuani. "Na mimi nikatia sahihi," akasema. "Mama yangu! Mtu mzima nikatia sahihi." Niliandika barua ya pili hapo hapo mbele yake, nikieleza mchu ni mti gani na Waamu wanauitaje, na nikayarudisha maneno ya Bwana Shee jinsi yalivyotoka mdomoni mwake. Mwalimu aliisoma, na alipofika penye "mtu ule ulikuwapo" mkono wake ukaenda wenyewe kwenye kalamu nyekundu mfukoni. Tukatazamana. Aliirudisha kalamu pole pole. Hata leo kalamu yangu ikisimama juu ya neno la mwanafunzi, huwa nakumbuka mkono ule. Huwa namwita mtoto kwanza nimuulize, ulitaka kusema nini hapa? Wenzangu wananicheka, wanasema nasahihisha kama konokono. Wacha wacheke. Kwa mwalimu mkuu, Mwalimu Mutua alisema kosa ni lake, mimi nikasema ni langu, tukabishana mbele yake mpaka akatufukuza wote wawili afisini. Virago sikufunga. Ukarani nilivuliwa, na ilikuwa haki.

Afisini tulikwenda Ijumaa asubuhi, mwalimu na mimi. Bwana wa misitu alikuwa mtu wa bara kama sisi, mchovu, mwenye kikohozi. Alisoma barua mara mbili, akaivua miwani. "Kwa hivyo mtu si mtu?"

"Si mtu, bwana," nikasema. "Ni mti."

"Na watoto wake?"

"Ni miche."

Nilidhani atapiga meza. Badala yake akafungua droo, akatoa karatasi, na moyo ukaniuma, kwa sababu ilikuwa leseni ya Bwana Shee, imeshaandikwa, imeshatiwa sahihi, imelala humo ndani siku zote zile ikingoja jina la mtu asiyekuwapo. "Niliiamini barua," akasema, si kwa hasira. "Ilikuwa imeandikwa vizuri mno." Akamtuma mhudumu akamwite mwenyewe, na sisi akatupa ruhusa yetu: tupande mchu pale kwenye kipara, na mbegu za mkoko zilizosalia tuzipande mbele kwenye tope, kama vile yule mkata boriti alivyokuwa amesema tangu mwanzo.

Tungeweza kuishia hapo. Ndivyo nilivyojiambia alasiri ile nilipokuwa nikienda nyumbani kwa Bwana Shee, Zuhura nyuma yangu. Leseni imerudi, nani atauliza tena? Wale vijana wawili walikuwa wamepata kazi Malindi, hawakurudi, na nusu ya msimu ilikuwa imekwenda na maji. Hayo nisingeweza kuyarudisha kwa maneno yoyote. Nilipofika barazani, furaha ilikuwa imejaa. Majirani watatu walikuwa wamekaa na vikombe vya kahawa, Bi Mwanaisha yuko mlangoni na kofia yake na sindano, na Bwana Shee ameishika leseni kwa mikono miwili, ameivika plastiki isiingie maji. Aliponiona alisimama. "Huyo! Karibu, karani! Huyo ndiye niliyewambia. Mtoto wa bara, lakini kaandika neno kwa neno, nami namtazama. Tangu nizawe hapana aliyenikalia chini akayaandika maneno yangu. Afisi ndio waliosoma vibaya, leo wenyewe wamekiri!" Majirani wakanitazama kwa upendo. Mmoja akanisogezea kigoda. Nilimgeukia Zuhura, naye alikuwa anatazama miguu yake. Hakunisukuma. Angenisukuma ingekuwa rahisi.

"Bwana Shee," nikasema, na sauti yangu niliisikia ikitoka nyembamba, "afisi walisoma sawa. Mimi ndiye sikuandika ulivyosema."

"Vipi?"

"Ulisema 'mtu ule.' Mimi nikaandika 'mtu yule.' Ulisema 'utarudi,' nikaandika 'atarudi.' Kila mahali. Nilikusahihisha."

Sindano ya Bi Mwanaisha ilisimama. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, kwa laana, kwa kufukuzwa barazani mbele ya mtaa mzima, na nilikuwa naitaka kila adhabu ili iniishie. Bwana Shee alikaa chini. Aliweka leseni juu ya goti. Aliwatazama majirani zake mmoja mmoja, akamtazama mkewe. Kisha akainama upande wangu wasije wakasikia, akaniuliza kwa sauti ndogo, kwa haya, mtu mzima aliyezaliwa ndani ya lugha ile yeye na babu zake, akimuuliza msichana wa skuli:

"Kwani nalikosa?"

"Hukukosa, Bwana Shee," nikasema, na machozi yakanitoka mbele za watu. "Hukukosa hata neno moja."